Sumuni ya Mizani

Daftari limeliwa na mende pembeni,
lakini ukurasa wa kwanza bado unasomeka:
*Ukumbi wa Reli, Kisumu. Milango ifungwe,
feni zizimwe, mwenye kikohozi akae nje.*
Mwaka ule hapakuwa na madaraja.
Ndege ni ndege, alisema Gurdit wa karakana,
aliyeshinda mchana kutwa na injini za tani mia
na jioni akashika kwa kibano cha nyusi
ubawa usiofikia uzito wa unyoya.

Kila mtu akasokota mpira wake, akaachia.
Ya Gurdit ikakaa hewani dakika tisa.
Ya Obilo, ya ubao wa sanduku la chai,
sekunde kumi na moja,
ikatua mapajani mwa mke wa mchungaji.

Ndipo wakagawana.
Fimbo: mwili mmoja mwembamba, basi.
Kibanda: lazima pawe na dirisha,
hata kama abiria ni hewa tupu.
Njugu: ubawa usizidi shubiri moja na nusu,
ifanane na ndege ya kweli, namba ubavuni.
Shubiri ya nani? akauliza Wekhomba,
mwenye kiganja kama sepetu,
na kikao kikavunjika saa tano usiku.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, kazi yangu karai.
Maji yatulie, Gurdit adondoshe tone la dawa yake,
litandae, lishike rangi,
zambarau, kijani, dhahabu,
kama mafuta ya taa kwenye dimbwi la barabarani:
ngozi ya ubawa ambayo pumzi yangu ingeitoboa.
Nilijifunza kupumua kwa upande.

Mabawa hayo ya maji yalishinda miaka saba.
Dawa ilitoka ng'ambo, mbao za balsa zilitoka ng'ambo,
na kila uzito ulivyopungua bei ilipanda.
Kumbe wepesi nao ni mali ya matajiri.
Watoto wa Nyalenda walikuja na moyo wa mafunjo
walioukata kwa wembe butu,
wakauvika nailoni ya mfuko wa mkate.
Zilipaa, sikatai.
Lakini kando ya zile za Gurdit
zilikuwa ng'ombe waliofundishwa kucheza.

Ni Akech, karani wa bandari,
aliyesimama akabwaga sumuni mezani.
"Daraja jipya. Ndege isiwe nyepesi kuliko hii."
Hatukumwelewa. Kanuni zote hukataza uzito.
Gurdit ndiye aliyeelewa kwanza,
akacheka mpaka akavua miwani.

Jumapili iliyofuata Dorsila Awino
aliachia mafunjo yake kama mtu anayelaza mtoto.
Panga ilizunguka polepole hata ukaweza kuihesabu.
Ikapanda kwa mwendo wa mtu anayetafuta funguo gizani,
ikagusa boriti, ikasita, ikarudi zake.
Nje wanasema aendaye mbio hufika.
Humu ndani, anayefika mapema ameshindwa.
Dakika sita na sekunde nne. Saa ilikuwa mkononi mwangu.

Kisha serikali ikatoa sumuni mpya, ndogo,
na chama kikapasuka: ipi ndiyo sheria?
Kwa miaka miwili palikuwa na Sumuni Kubwa na Sumuni Ndogo.
Ndogo ilibaki na mshindani mmoja,
Wekhomba, aliyejishinda mara nne
na kujipigia makofi.

Siku hizi sumuni hainunui hata peremende.
Ile ya Akech ninaitunza katika kopo la rangi ya viatu,
sijawahi kuing'arisha,
maana kuing'arisha ni kuipunguza.
Mizani yangu ni njiti ya baiskeli na vifuniko viwili vya soda.

Jana mvulana mmoja aliigeuza, akainusa.
"Hii inanunua nini?"
Nikamwambia aweke ndege yake upande wa pili.
Njiti ikainama, ikainuka.
Tukasubiri, tukipumua kwa upande.